Mtoto Asiyekuwamo Daftarini

Linapozungumzwa suala la afya na ustawi wa watoto wa shule, mara nyingi mazungumzo huelekea kwenye vifaa: dawa ni ngapi, vyoo ni vingapi, maji yatatoka wapi, uji utapikwa na nani. Maswali hayo ni ya lazima na hatuyadharau. Lakini nyuma yake liko swali jingine, ambalo sisi walimu wa Kiswahili, tulio na desturi ya kupima maana za maneno, hatuna budi kulikabili. Tusemapo "huduma kwa mtoto wa shule", je, mtoto huyo anastahili huduma kwa sababu ni wa shule, au kwa sababu ni mtoto? Mahali ambapo kila mtoto yumo shuleni, tofauti hiyo ni ya maneno tu. Katika pwani ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni, ni tofauti iamuayo nani atibiwe na nani aachwe.

Visiwa hivyo vimepangana kusini ya Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya. Koyama, Chovai na Chula ndivyo vijulikanavyo zaidi kwa makazi yake, na kwa upande wa bara iko Burkavo, hata kufikia Ras Kiamboni. Wenyeji wake tangu kale ni wavuvi na mabaharia, wasemao Kibajuni, lahaja ya Kiswahili ambayo husikika pia Kiunga na Faza, upande wa Lamu. Maji yao ni ya visima na ya mvua. Njia yao ni bahari. Wakati wa kaskazi mashua huenda na kurudi bila ya taabu kubwa, lakini kusi inapokaza, bahari huchafuka na safari huwa ya hatari. Hivyo mgonjwa wa kisiwani hungoja upepo kabla hajamngoja mganga.

Juu ya taabu hiyo ya maumbile yameongezeka mambo ya wanadamu. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya ng'ambo ya mto Juba, iliyokuwa hadi hapo sehemu ya Kenya, na mpaka mpya ukawagawa watu wa lahaja moja na ukoo mmoja. Tangu hapo aliyezaliwa Kiunga na binamu yake aliyezaliwa Chula wamehesabiwa katika madaftari mawili. Mwaka 1979, kwa mfano, serikali ya Kenya ilianza kuwagawia wanafunzi wa shule za msingi maziwa ya bure, yale ambayo watu waliyaita maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulikuwa wa heri, na wengi walionufaika nao wanaukumbuka hadi leo. Hata hivyo maziwa hayo yaliandikiwa mwanafunzi wa Kenya. Hayakuandikiwa binamu yake wa ng'ambo ya mpaka, wala ndugu yake mdogo aliyebaki nyumbani, ambaye pengine alikuwa na haja nayo zaidi.

Upande wa Somalia nako kulikuwa na jitihada zisizofaa kusahauliwa. Baada ya Kisomali kuwekewa hati rasmi za Kilatini mwaka 1972, serikali ya kijeshi ilizifunga shule za sekondari kwa muda wa mwaka mmoja, 1974 hadi 1975, ikawapeleka maelfu ya wanafunzi na walimu wao mashambani na malishoni. Kazi yao haikuwa kusomesha tu. Kampeni hiyo ilichanganya kisomo, afya ya watu, afya ya mifugo na hesabu ya watu. Hatusemi kwamba utawala ule ulikuwa wa kupigiwa mfano. Ulitumia nguvu, na mtoto wa Kibajuni alisomeshwa kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani kwake. Tunachotaka kukionyesha ni wazo moja lililokuwamo ndani ya kampeni hiyo, nalo ni kwamba shule yaweza kutoka nje ya kuta zake ikawatafuta wasioijia.

Tangu serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991, wazo hilo limekuwa gumu kulitekeleza. Wabajuni wengi walikimbilia Lamu na Mombasa. Kismayo ilipita katika mikono ya makundi mbalimbali. Al-Shabaab waliitwaa mwaka 2008, wakaondolewa na majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali mwaka 2012. Katika miaka hiyo yote elimu ilishikiliwa na vyuo vya Kurani, na wazazi wenye kujichangisha, na mashirika ya misaada. Basi, katika mahali kama hapo, "mtoto wa shule" ni nani? Ni yule ambaye mzazi wake ana ada, ambaye nyumba yake haikuhamishwa na vita wala ukame, ambaye hakuhitajiwa kwenda na baba yake baharini, na ambaye mwili wake una nguvu za kumfikisha darasani. Mtoto wa kambi ya waliohamishwa, msichana aleaye wadogo zake, kijana avutaye nyavu, mtoto asiyeweza kutembea, wote hao wamo nje ya daftari. Nao, kwa hesabu ya kawaida, ndio wenye maradhi zaidi.

Tuseme wazi kwamba hoja ya kuzipitishia huduma shuleni ina nguvu kubwa. Shule hukusanya watoto mahali pamoja bila ya gharama ya kuwakusanya. Mwalimu anawajua kwa majina, na humwona aliyekonda, asiyeona ubao, na asinziaye kila siku saa nne. Kidonge cha minyoo ni cha bei ndogo, na hakihitaji daktari kumezeshwa. Uji wa asubuhi humvuta mtoto darasani na kumpa akili ya kusikiliza. Hatuna ugomvi na lolote katika hayo. Ugomvi wetu ni pale njia ifaayo inapogeuka kuwa sharti, yaani pale mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kupitishia huduma unapowekewa bawabu wa kuuliza: "Umeandikishwa?"

Mgeuko huo una historia. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu halmashauri kuwalisha watoto maskini shuleni, na sheria ya mwaka 1907 ikaleta ukaguzi wa afya kwa wanafunzi. Sheria hizo zilikuwa na watetezi wenye huruma ya kweli. Lakini kilichoiamsha serikali zaidi ni habari iliyotokana na vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, kwamba vijana wengi waliojitokeza kuwa askari walikutwa dhaifu mno. Mtoto alilishwa kwa sababu dola ilihitaji askari wa kesho. Jambo jema lilitendeka, lakini sababu yake ilikuwa nje ya mtoto mwenyewe.

Leo hatusemi habari za askari. Twasema habari za mahudhurio na alama za mtihani. Utafiti mashuhuri uliofanywa Busia, magharibi ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2004, ulisema kwamba dawa za minyoo zilipunguza utoro shuleni kwa kiasi cha robo. Habari hiyo ilizishawishi serikali nyingi kutoa dawa. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizirudia hesabu zile wakabishania baadhi yake, na mjadala ukawa mkali. Sisi si wa kuamua kati yao. Tunauliza tu: ikiwa sababu ya kumtibu mtoto minyoo ni kuongeza mahudhurio, basi siku hesabu ya mahudhurio itakapotiliwa shaka, na haki yake ya kutibiwa je, itatiliwa shaka? Mtoto mwenye safura amepungukiwa damu. Anachoka, anahema, na uso umemparara. Hiyo ni sababu ya kutosha. Haihitaji kuthibitishwa na cheti cha mtihani.

Tena uadilifu na manufaa hapa haviko mbali, kama ambavyo wengine hudhani. Huko Kwale, katika pwani yetu hii hii, kati ya 2015 na 2017 ulifanywa utafiti mkubwa wa kulinganisha njia za kugawa dawa za minyoo. Mahali ilipotolewa shuleni tu, mara moja kwa mwaka, wenye safura walipungua kutoka karibu watu 19 katika kila 100 hadi karibu 14. Mahali ilipopelekwa kila nyumba mara moja kwa mwaka, walipungua kutoka 18 hadi 8. Na ilipopelekwa mara mbili kwa mwaka, kutoka 21 hadi 6. Maana yake si ngumu kuifahamu. Mdudu hasomi daftari. Hutoka kwa mtu aliyeachwa, akaingia katika mchanga anaoukanyaga yule aliyetibiwa. Mwanafunzi aliyemeza dawa asubuhi hurudi jioni katika ua uleule, akacheza na ndugu yule yule ambaye hakupewa kitu. Waliosema "mkono mmoja haulei mwana" walilijua jambo hili kabla ya watafiti.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, na ni wa Somalia yenyewe. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, mwaka 1977. Alikuwa mtu mzima wa miaka 23. Alikuwa akifanya kazi ndani ya hospitali, mahali ambapo mtu angetazamia kila mmoja awe amekwisha kuchanjwa, na chanjo ilimpita. Aliambukizwa kwa safari fupi tu ya gari, alipowasindikiza watoto wawili wagonjwa. Alipopatikana, watu zaidi ya 50,000 wa mji na kandokando yake walichanjwa kwa muda wa wiki mbili, nyumba kwa nyumba. Ndui haikwisha kwa kuwangoja watu waje penye dawa. Ilikwisha kwa sababu kulikuwa na watu waliotembea, waliouliza katika kila kambi ya wafugaji na kila kijiji: nani bado? Mwaka 2013, polio iliporudi Somalia ikawapata watu zaidi ya 190, wengi wao watoto, baada ya chanjo kuzuiwa kwa miaka katika sehemu kubwa ya kusini, Maalin yule yule alikuwa katika kampeni ya chanjo akiwaasa wazazi. Alifariki Julai mwaka huo kwa homa ya malaria, angali katika kazi hiyo.

Zipo hoja tatu ambazo twajua zitatolewa dhidi yetu, na inafaa tuzijibu kwa haki.

Ya kwanza ni ya uhaba. Watasema: dawa ni chache, mashua ni moja, muuguzi ni mmoja, tuwape kwanza tulio nao mbele ya macho. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Uhaba unaweza kuamua nani aanze, lakini hauwezi kuamua nani anastahili. Asemaye "tunaanza na walio shuleni, na orodha ya waliobaki ni hii" ametenda lile aliloliweza, na deni lake bado analiona. Asemaye "tumewahudumia watoto wote", hali amewahudumia waliomo daftarini, amelifuta deni kwa kalamu tu. Wote wawili wamegawa dawa ile ile kwa idadi ile ile. Lakini mwaka ujao wa kwanza atamtafuta aliyeachwa, na wa pili hatakuwa hata na habari kwamba yupo.

Hoja ya pili ni ya kivutio. Watasema: uji ukitolewa hata kwa asiyesoma, nani atakuja kusoma? Hapa twakiri kwamba iko tofauti baina ya kitu na kitu. Uji wa shule unaweza kuwa kivutio, na si vibaya mtoto avutwe na bakuli akabaki na kitabu. Lakini chanjo, dawa na matibabu haviwezi kufanywa chambo. Mtoto wa miaka saba aliye baharini hakuchagua kuwa huko. Amepelekwa na umaskini wa nyumba yake. Kumnyima dawa ili baba yake ajifunze faida ya shule ni kuufanya mwili wa mtoto kuwa barua ya kumpelekea mtu mwingine. Na hata kuhusu chakula kivutio kina mpaka wake, nao ni njaa kuu. Katika njaa ya Somalia ya 2010 hadi 2012, makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 ni kwamba walikufa watu wapatao 258,000, na zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hao hawakuwa wa umri wa shule. Hakuna bakuli la darasani ambalo lingewafikia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na daftari nalo halimjui aliye mdogo kuliko daftari.

Hoja ya tatu ni ya mwalimu mwenyewe. Watasema: mwalimu ana wanafunzi wengi, mshahara wake ni mdogo au hauji, naye si mganga, mbona mnamtwika mzigo huu? Malalamiko haya ni ya haki, na hatutaki mwalimu aliyechoka afanywe hospitali ya kijiji. Tunalotaka kwake ni dogo kuliko hilo, nalo liko katika kazi yake tangu zamani, yaani kuita majina. Mwalimu ndiye mtu wa pekee kijijini aliyezoea kusoma jina, akangoja, na akaandika kwamba halikujibiwa. Desturi hiyo ikipanuliwa kidogo yatosha. Kando ya daftari la waliopo liwepo daftari la wasiokuja: mtoto wa fulani, wa mtaa fulani, yuko chuoni, yuko baharini, hawezi kutembea. Daftari la namna hiyo ni la wito, na si la kuwashitaki wazazi. Siku muuguzi atakapofika, lisomwe hilo kwanza.

Yako na mengine yawezekanayo bila ya kungoja fedha nyingi. Siku ya dawa itangazwe msikitini na pwani mashua zitiapo nanga, na itangazwe wazi kwamba mlango wa shule siku hiyo ni wa kila mtoto. Unguja walilijaribu jambo hili zamani kidogo: watoto wasioandikishwa walialikwa shuleni siku ya kugawa dawa za minyoo, nao wakaja. Walimu wa vyuo vya Kurani washirikishwe tangu mwanzo, kwa kuwa watoto wengi ambao hawamo katika daftari la shule wamo katika mikono yao. Ratiba ya safari za visiwani ifuate pepo, si mwaka wa fedha wa ofisi. Dawa na chanjo zivuke kabla kusi haijafunga njia.

Na liko moja lituhusulo sisi hasa, watu wa lugha. Mtoto aumwaye husema kwa lugha ya mama yake. Akifikishwa mjini akaulizwa kwa Kisomali, au akaandikiwa kwa Kiingereza, huenda akaitikia kila kitu kwa adabu na asieleze chochote. Wazee wa Kibajuni wana majina yao ya viungo, ya maumivu na ya maradhi. Kuyakusanya majina hayo na kuyaweka mikononi mwa wauguzi ni kazi ya walimu wa Kiswahili, wala hatuna wa kumwachia. Tumekwisha kukusanya methali na nyimbo za watu wa pwani. Tukusanye na jinsi wanavyosema "inaniuma hapa".

Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 2015. Katika mkataba huo haki ya afya imeandikwa katika kifungu cha 24, na haki ya elimu katika kifungu cha 28. Vifungu hivyo ni viwili, na cha kwanza hakikumngoja cha pili. Wazee wetu nao walikuwa na neno kwa jambo hilo hilo kabla ya mikataba: walisema mtoto ni amana. Na amana haiulizwi imeandikishwa wapi. Aliyeipokea huulizwa kama ameitunza.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tuendelee kudai zahanati, vyoo, maji na uji kwa ajili ya wanafunzi wetu, wala tusione haya kudai. Lakini kila tuandikapo dai hilo, tuhesabu mara mbili: waliomo darasani, na wanaopaswa kuwamo. Mganga atakapouliza idadi ya watoto wa Chula, apewe idadi ya watoto wa Chula.